Besi Ambayo Mama Hakuisikia

Benchi letu liko Dagoretti Corner, mbele ya karakana ya useremala ya Wachira, pale ambapo vitanda visivyo na godoro vinapigwa jua vikingoja wenyewe. Ni ubao mmoja mrefu uliokataliwa na mteja kwa sababu una fundo upande wa mwisho, na anayechelewa kufika ndiye hukalia fundo. Asubuhi hiyo stima ilikuwa imepotea tangu saa mbili, kwa hiyo kila mtu ambaye kazi yake ina waya alikuwa amekaa. Wachira mwenyewe, tunayemwita Randa, alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Karibu naye alikaa Mzee Oduor, yaani Nyuzi, aliyepiga gitaa la benga miaka thelathini na bado hufuga kucha ya kidole gumba. Katikati, miguu ikiwa imetanuka, alikaa Lazarus, fundi wa mitambo ya sauti kanisani, ambaye tunamwita Testing kwa sababu hata akipokea simu huanza kwa kukohoa mara mbili. Rachael alikuwa na jiko lake la makaa na birika la kahawa ya tangawizi, na kwake stima ije isije ni sawa. Mimi ni Mungai, karani mstaafu, na jina hilo la Karani limenishika kuliko la kwenye kitambulisho. Napenda kahawa na utulivu. Pale kijiweni napata kahawa.

Tulikuwa kwenye kikombe cha pili pickup iliposimama na kushusha maboksi mawili meusi pamoja na msichana mwenye begi mgongoni. Nilimjua. Ni Nanyama, jirani yetu, anayefanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja ya meno Spring Valley. Siku nzima anawaambia watu wasiogope, huku yeye amechora fuvu la kichwa kwenye begi lake.

Nanyama: Niaje Fundi. Wazee, mko poa?

Randa: Poa kabisa. Umeniletea kabati za kutengeneza?

Nanyama: Si kabati. Ni spika za besi. Nimekuja kwako kwa sababu unajua mbao. Duka ya mjini wameniachia zote mbili nijaribu, na moja lazima irudi leo saa kumi.

Testing: Si ujaribu basi.

Nanyama: Na stima?

Testing: Ai. Kweli.

Tukayazunguka yale maboksi, vikombe mkononi. Moja lilikuwa na spika moja kubwa ya inchi kumi na tano, pana kama sinia ya pilau. La pili lilikuwa na spika nne za inchi kumi, mbili juu na mbili chini. Kwangu mimi yote yalionekana kama vitu vya kukuharibia usingizi.

Nyuzi: Unapiga mtindo gani, nyathina, mtoto wangu?

Nanyama: Heavy metal, Mzee.

Rachael akaweka birika chini.

Rachael: Ile ya kupiga mayowe?

Nanyama: Kuna mayowe, Auntie, lakini si hayo pekee. Bendi yetu inaitwa Kutu. Tuko wanne. Magitaa mbili, ngoma, na mimi kwa besi.

Mimi: Msichana, nisamehe, lakini hiyo nilisikia siku moja kwa redio. Ule si muziki, ni ajali.

Nanyama: Karani, ulishaona ajali yenye watu wanne wanasimama mara moja, pamoja, kwa sekunde moja? Sisi tunahesabu hadi kichwa inauma.

Alinijibu akicheka, na Testing akacheka naye. Sipendi kuchekwa na Testing.

Rachael: Na haraka ni ya nini? Si ungengoja stima irudi, hata kama ni kesho.

Nanyama: Show ni Jumamosi, mchana, kwa ukumbi pale Woodley. Mum anakuja.

Rachael: Hiyo ni furaha sasa.

Nanyama: Alikuja mwezi uliopita pia. Miaka mitatu nilikuwa nikimwomba, ndipo akakubali kwa mara ya kwanza. Akavaa kitambaa kipya, akakaa show yote. Nikamwuliza, mum, umeonaje? Akasema, “Nimeona vidole vyako vikikimbia, lakini wewe sikukusikia.”

Randa: Aii.

Nanyama: Si ati hakupenda. Angesema hapendi ningecheka tu. Hakunisikia. Besi yangu ilikuwa imechomekwa moja kwa moja kwa mitambo ya ukumbi, sikuwa na spika yangu. Magitaa zikanifunika. Amesema atakuja mara moja tena, ya mwisho, ako sixty-eight na magoti yanamsumbua. Nikikosa kusikika Jumamosi, sitakuwa na uso wa kumwomba tena.

Rachael akamsogezea kikombe cha kahawa. Nina binti Kisumu ambaye husema nampigia simu kisha naongea peke yangu. Ningependa kuamini kwamba huwa namsikia.

Testing: Hiyo show ya mwezi uliopita... ilikuwa lini haswa?

Nanyama: Jumamosi ya pili. Ilikuwa na mvua.

Testing: Aha. Na ni nani aliwapangia mambo ya sauti?

Nanyama: Wenye ukumbi walileta mtu wao. Alikuwa huko nyuma kwa giza, hatukumwona hata sura.

Testing akainuka katikati ya benchi, akaenda kukaa mwisho kabisa, juu ya fundo. Nilifikiri anampisha msichana akae, na nikamsifu moyoni kwa adabu.

Testing: Basi tusipoteze wakati! Mambo ya zamani yamepita. Chukua hiyo kubwa. Besi ni kama askofu, haipitii mlango mdogo.

Nyuzi: Kubwa ya nini? Hiyo itanguruma tu. Besi lazima iongee. Sisi kwa benga, gitaa likiuliza, besi inajibu. Kama besi haina maneno, watu wanacheza kama wamesahau kitu nyumbani.

Testing: Mzee, metal nani alikuambia iko na maneno?

Nyuzi: Kila kitu iko na maneno. Hata wewe ukikohoa.

Randa alikuwa ameshapiga magoti. Akagonga boksi kubwa kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akagonga tena, kama daktari aliye na wagonjwa wawili na dawa ya mmoja. Kisha akaliinua.

Randa: Hii ni nzito. Nzito ndiyo nzuri. Hii ingine imepigwa gundi na mtu alikuwa anawahi lunch, angalia hii kona.

Nanyama: Fundi, uzito si sifa. Ni mimi nitabeba.

Randa: Kitanda nzuri inabebwa na watu sita. Uliza mtu yeyote.

Nyuzi: Sasa anapiga besi ama analala?

Testing: Niacheni niwafundishe kitu. Besi haisikiki na masikio. Besi inasikika na tumbo. Ndiyo maana mtu mwenye njaa hapendi besi. Nanyama, shida haikuwa mitambo, wala mtu wa mitambo, huyo mtu nina hakika alijaribu. Shida ni mama yako alikuja bila kula.

Nanyama: Alikula kwangu.

Testing: Alikula nini?

Nanyama: Chapati na ndengu.

Testing: Umeona! Chapati inaachilia besi ipite. Ugali ndiyo inaishika. Jumamosi mpe ugali, tena ya moto, halafu mkalishe mbele ya spika kubwa. Utaona machozi.

Rachael: Na githeri je?

Testing: Githeri ni nusu nusu. Mahindi inashika, maharagwe inapitisha.

Rachael: Lazaro, wewe umekunywa kahawa yangu ngapi leo?

Nyuzi: Wacha nimpe huyu msichana kitu ya ukweli. Mwaka wa themanini na tatu tulipiga harusi moja karibu na Ahero. Mpiga besi wetu alikuwa na spika ndogo nne, hivi hivi, akazielekeza kwa ukuta wa jirani bila kujua. Tukapiga kutoka saa sita hadi saa kumi za mchana. Kuku za huyo jirani zikataga mara mbili.

Mimi: Ulizihesabu wewe?

Nyuzi: Mwenye kuku alikuja mwenyewe kushukuru. Na angalia, zilikuwa ndogo nne. Ingekuwa hii sinia ya Testing, mayai yote yangepasuka.

Randa: Nyinyi mnaongea juu ya spika, na spika si kitu. Ni mbao. Mbao inakumbuka. Nilitengenezea mzee mmoja kitanda ya mti uliokuwa umekatwa karibu na shule, na hadi leo saa nne kamili ya asubuhi hiyo kitanda inalia. Ni saa ya break.

Mimi: Randa, hiyo ni misumari.

Randa: Misumari inajua saa? Sasa sikiza. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, nimegonga kila kitu inaweza kugongwa. Boksi yenye sauti tamu kuliko zote ni jeneza.

Rachael: Wachira!

Randa: Nasema ukweli. Iko na urefu, iko na mabega mapana, chini imekuwa nyembamba. Ukigonga hapa kwa kifua inajibu hadi kwa miguu. Nikupimie spika zako, Nanyama, nikutengenezee moja ya cypress.

Nanyama alikuwa amefumbua macho kama mtoto aliyeonyeshwa keki.

Nanyama: Jeneza? Kwa stage?

Randa: Na vishikio vya shaba pande zote.

Nanyama: Fundi, bendi yote italia.

Rachael: Na mama yake je? Mwanamke wa sixty-eight aingie ukumbini na magoti yake, aangalie mbele, akute jeneza, halafu mtoto wake amesimama kando yake amevaa nyeusi? Huyo hatasikia besi. Huyo ataanza kuuliza mazishi ni lini.

Tulicheka mpaka mama wa duka la dawa akachungulia. Nanyama alicheka pia, lakini niliona akiangalia saa. Ilikuwa karibu saa sita, na bado hakuwa na jibu. Kila mmoja wetu alikuwa amemjibu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Nanyama: Wazee, niwaambie shida yenyewe. Magitaa zetu tumezishusha chini sana, zinanguruma huko kwa nafasi yangu. Nikishuka zaidi napotea. Nikiongeza sauti nakuwa kelele tu.

Nyuzi akaweka kikombe chini. Alipoanza kusema tena, utani ulikuwa umemtoka, na nilimwona kwa mara ya kwanza kama alivyokuwa zamani, kabla ya kijiwe.

Nyuzi: Basi usishindane nao huko chini. Waachie hiyo vumbi. Wewe panda kidogo, ukae katikati yao na ngoma, mahali mtu anaweza kutaja kila noti. Ndogo nne zitakusaidia. Kubwa itakurudisha kwa shimo.

Nanyama: Hivyo ndivyo nilikuwa nafikiria.

Testing: Hapana! Kubwa! Nimefanya kazi ya sauti miaka kumi na moja, mimi najua kubwa!

Randa: Tupige kura.

Tukapiga kura. Kubwa ikapata moja, ndogo nne zikapata moja, jeneza likapata moja. Rachael akasema kura yake ni ya makaa yaliyokuwa yanazima. Mimi nikasema karani huhesabu kura, hapigi. Nyuzi akaniambia hiyo ndiyo sababu nilistaafu bila mtu kugundua.

Ndipo akafika mama mmoja mnene, mwavuli mkononi, amefunga kitambaa cha bluu, akitembea polepole kwa ajili ya magoti. Nanyama akaruka kama aliyepatikana na makosa.

Nanyama: Mum! Si tulisema saa nane, kwa nyumba?

Veronicah: Nimesikia unanunua sanduku. Nikasema nije nione ni sanduku gani hiyo ya kunyima mtu lunch. Hamjambo hapa?

Alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa benchi, kama inavyofanywa na watu waliolelewa. Mimi, Nyuzi, Randa. Akamshika Rachael mikono yote miwili. Akafika mwisho wa benchi, kwa Testing, ambaye ghafla alikuwa anatafuta kitu ndani ya kiatu. Akampa mkono bila kuinua uso. Veronicah akaushika na hakuuachilia.

Veronicah: Wewe nakujua.

Testing: Hapana, mama. Watu hufanana sana huku.

Veronicah: Nakujua. Pale Woodley. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kando ya meza yako. Wewe ndiye ulikuwa kwa mashine.

Nanyama aligeuka polepole.

Veronicah: Nilitaka kukuuliza kitu siku hiyo, lakini nikaona uko kazini, nikakuheshimu. Hebu niulize sasa. Mbona ulikuwa umejaza tishu masikioni?

Tumeketi pale kijiweni miaka mingi. Tumejibu maswali ya serikali, ya mbingu, ya bei ya unga na ya kwa nini jogoo wa Kawangware huwika mapema. Swali la yule mama halikuwa na mtu wa kulijibu. Nyuzi akamwangalia Randa, Randa akaangalia vitanda, mimi nikaangalia kikombe changu, na kilikuwa kitupu. Testing akakohoa mara mbili, lakini hakuna kilichofuata.

Rachael: Tishu? Ya choo?

Veronicah: Ilikuwa nyeupe. Mingi. Ilikuwa inaning'inia hapa.

Nanyama: Ni wewe? Asubuhi yote umekaa hapa, na ni wewe?

Testing: Nanyama, dadangu, sikiza. Mimi ni mtu wa kanisa. Hiyo kazi niliitwa dakika ya mwisho, mtu wao alikuwa mgonjwa. Kufika nikaona mafuvu, nikaona manywele, nikaogopa yale maneno yataniingia. Nikasema nifanye kazi ya mikono, lakini roho yangu nisiipeleke.

Nyuzi: Ngoja. Uliongoza sauti ya bendi nzima bila kusikia?

Testing: Nilikuwa naangalia taa! Kwa mashine kuna taa. Zikiwa kijani, mambo iko sawa. Zilikuwa kijani hadi mwisho.

Nanyama: Na besi yangu? Besi uliweka wapi?

Testing: Niliweka pale huwa.

Nanyama: Pale huwa ni wapi?

Hapo akainamisha kichwa kabisa.

Testing: Chini. Kwa kanisa letu kamati ilipitisha, besi isipite alama ya kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja wa besi, mkono wake ulikuwa mtamu, akapiga wakati wa sadaka watu wakaanza kucheza, wakapita kikapu wakicheza bila kutoa kitu, wakarudi kukaa. Mchungaji alikasirika. Tangu siku hiyo, besi ikipanda tu, mkono wangu unaenda wenyewe. Siufikirii. Miaka kumi na moja.

Nanyama alikaa juu ya boksi kubwa. Hakucheka.

Nanyama: Mwezi mzima nimekuwa nikifanya mazoezi usiku na mchana. Nilifikiri vidole vyangu ni dhaifu. Nilifikiri mum ameona kitu ambacho mimi sioni. Nilitaka kuacha, unajua? Nilikuwa nimeandika message kwa wenzangu. Bado iko kwa simu.

Testing: Nisamehe. Kwa kweli nisamehe. Uliposema Woodley asubuhi, nilijua. Nikaona aibu, nikaanza kuongea.

Nyuzi: Ndiyo maana umepiga kelele kuliko sisi wote.

Ni Veronicah aliyeanza kucheka. Kicheko kilianzia chini, taratibu, akajishika kiuno, akatafuta mahali pa kukaa, na Randa akamsogezea kigoda. Baadaye akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Veronicah: Baba yake huyu, marehemu, aliimba besi kwa kwaya ya kanisa letu la Friends miaka ishirini na sita. Watu walikuwa wakisifu soprano. Yeye hakuna aliyemtaja. Jumapili moja akawa mgonjwa, tukaimba bila yeye. Wimbo ukapanda. Ukapanda. Hakukuwa na mtu wa kutushika chini. Ubeti wa tatu wamama wote tulikuwa tunakohoa. Siku hiyo ndiyo nilijua nimeolewa na nani.

Nanyama: Mum, hii hujawahi niambia.

Veronicah: Ningekuambiaje? Ulisema unaenda kupiga besi, nikasema, basi amechukua sauti ya baba yake. Nikaja Woodley kuisikiliza. Miaka minane sijaisikia. Nikarudi nyumbani bila hiyo sauti, na sikutaka ujue vile iliniuma.

Sina aibu kusema nilihitaji leso, na sikuwa nayo, nikatumia mkono wa shati. Rachael alimpa mama kahawa bila kuulizwa, akaikoleza tangawizi.

Kisha ndani ya karakana mashine ya kupiga randa ikanguruma peke yake, kwa sababu Randa huwa hazimi kitu. Vitanda vikatetemeka. Sote tukapiga kelele kwa pamoja.

Randa: Stima imerudi!

Hapo ndipo nilipoona wazee wakikimbia. Randa alizima mashine, akavuta waya mrefu hadi nje. Nyuzi alibeba boksi la ndogo nne peke yake, na mimi nilimshikia kona moja kwa heshima tu. Nanyama alitoa begini gitaa la besi lililokuwa vipande viwili, akaunga shingo na mwili kwa skrubu nne, akatoa na amplifaya ndogo isiyozidi mkate. Testing alisimama mbali.

Nanyama: Lazaro, njoo. Wewe ndiye fundi wa sauti hapa. Simama kwa hii ampu.

Testing: Mimi?

Nanyama: Masikio yako yawe wazi.

Akajipekua masikio yote mawili mbele yetu ili tuone.

Walianza na boksi kubwa. Nanyama alipiga, na nikahisi uzito ukipita chini ya soli za viatu. Mabati ya karakana yakaanza kutetemeka, na watu wawili waliokuwa wakingoja matatu wakasogea.

Veronicah: Hiyo naisikia kwa magoti. Ni kama lori linapita. Lakini wewe uko wapi?

Nanyama: Sawa. Hiyo inarudi mjini.

Testing hakubisha. Wakahamisha waya kwenye boksi la spika nne. Nanyama akafunga macho, akavuta pumzi, akaanza ule muziki wao, wa haraka, wenye hasira, ambao mimi nilikuwa nimeuita ajali. Nilikosea. Nasema hivi kwa maandishi, mimi Mungai. Kila kidole kilikuwa na neno lake, na maneno yalifuatana, yakasimama, yakaruka, yakarudi kwa zamu. Nyuzi alikuwa anatikisa kichwa akisema “ongea, ongea” kwa Kijaluo. Randa alikuwa ameweka kiganja juu ya boksi na hakuwa anasema lolote kuhusu gundi. Mama wa duka la dawa alitoka na wateja wake. Rachael alikuwa anacheza na birika.

Veronicah hakucheza. Alikaa juu ya kigoda, mwavuli magotini, amefumba macho, ameinamisha kichwa upande mmoja. Midomo yake ikaanza kusogea. Sikujua anafanya nini mpaka niliposogea karibu, na nikamsikia akiimba sauti ya pili, polepole kabisa, juu ya besi ya mtoto wake, wimbo wa kanisa ambao haukuwa na uhusiano wowote na ule muziki, na bado ulikaa vizuri.

Nanyama akapandisha, akaenda kwa nguvu zaidi. Nikauona mkono wa Testing ukianza kwenda wenyewe kwenye swichi ya besi. Akaushtukia, akausimamisha hewani, akamwangalia yule mama kwa woga.

Testing: Mama, nipunguze?

Veronicah hakufumbua macho.

Veronicah: Ongeza.